Kalcha ya mkojo na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa watu wazima: maswali yanayoulizwa kila siku

Mimi niko upande wa maabara, naotesha mikojo ya watu na kuandika majibu, na haipiti siku bila mtu kuja na karatasi mkononi anauliza "sasa hapa nina ugonjwa au sina?" Nimekusanya maswali yanayojirudia nikayajibu kwa lugha ya kawaida. Ni kwa watu wazima tu, watoto wana mambo yao tofauti. Na nikuonye mapema usije ukachoka huko mbele, karibu kila jibu litakurudisha kwenye swali moja: una dalili au huna?

Kalcha ya mkojo ni nini hasa?

Ni kuotesha. Tunachovya kitanzi kidogo kwenye mkojo wako, kinabeba kiasi kinachojulikana, mara nyingi sehemu moja ya elfu ya mililita, tunaupaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria halafu sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Kila bakteria aliyekuwa hai anazaliana pale alipodondokea mpaka anakuwa kidoa unachokiona kwa macho, hicho ndicho koloni. Tunahesabu koloni, tunazidisha mara elfu, na ndiyo ile namba unayoiona kwenye karatasi. Koloni 100 kwenye sahani ni laki moja kwa mililita.

Kisha tunamtambua ni mdudu gani, na kama anastahili tunampambanisha na dawa mbalimbali. Kuota ni siku 1 mpaka 2, kupima dawa siku nyingine tena, kwa hiyo ukiambiwa urudi baada ya siku 2 au 3 usidhani watu wamelala.

Mbona mimi nilipewa majibu ndani ya dakika 10?

Hiyo haikuwa kalcha, ilikuwa dipstiki au hadubini. Dipstiki ni kile kijiti chenye viboksi vya rangi, na kwa habari ya UTI tunaangalia viboksi viwili, cha seli nyeupe na cha nitriti. Nitriti inatengenezwa na bakteria kama E. coli wanapobadilisha nitreti iliyomo kwenye mkojo, ila kazi hiyo inahitaji muda, mkojo uwe umekaa kibofuni kama saa 4 hivi. Mtu anayekojoa kila dakika 15 kwa sababu ya UTI yenyewe anaweza kukosa nitriti kabisa. Tena kuna wadudu kama Enterococcus na Staphylococcus saprophyticus ambao hawatengenezi nitriti hata ukiwasubiri wiki. Kwa hiyo nitriti ikiwepo na dalili zipo, ni ushahidi mzuri, isipokuwepo haijakuondolea kitu.

(Halafu lile kopo la vijiti likiachwa wazi, hewa inaviharibu na vinaweza kuonyesha nitriti ya uongo. Likifunguliwa linafungwa.)

Hadubini inaonyesha seli za usaha, ambazo ndizo zilezile seli nyeupe. Watu wengi wanatibiwa kwa sababu tu wameambiwa "mkojo una usaha" na hapa ndipo fujo inapoanzia, maana usaha unaonyesha kuna muwasho mahali fulani kwenye njia ya mkojo, haukwambii ni bakteria. Mawe yanaleta usaha, magonjwa ya zinaa yanaleta, mpira wa mkojo unaleta, hata uchafu wa ukeni ukichanganyika na mkojo. Faida kubwa ya usaha iko upande wa pili: usipokuwepo kabisa, UTI inakuwa jambo la mbali, labda kama mtu ana seli nyeupe chache mwilini kwa ugonjwa au dawa za saratani.

Kila mwenye UTI lazima afanye kalcha?

Hapana. Mwanamke mzima asiye mjamzito, ghafla mkojo unachoma, anakwenda chooni kila saa, hana uchafu wala muwasho ukeni, hana homa: uwezekano kwamba ni UTI unapita asilimia 90 kwa maelezo yake tu. Huyo anaweza kuanza dawa bila kusubiri sahani yangu.

Wanaohitaji kalcha ni wajawazito, wanaume, mwenye homa au maumivu ya ubavu, ambaye dozi imeisha na dalili bado, ambaye inamrudia rudia, mwenye mpira wa mkojo au mawe, aliyepandikizwa figo, na yule aliyetoka kutumia antibayotiki au kulazwa hospitali hivi karibuni, kwa sababu huyo anaweza kuwa amebeba mdudu sugu.

Nichukue vipi mkojo ili majibu yasiharibike?

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya lawama tunazopewa maabara chanzo chake ni kikopo.

Chukua kabla hujameza antibayotiki. Hata kidonge kimoja kinaweza kufanya sahani iwe tupu kabisa. Nawa mikono. Mwanamke atenganishe mashavu ya uke kwa vidole, mwanaume ambaye hajatahiriwa avute govi nyuma. Ule mkojo wa mwanzo uende chooni, wa katikati uingie kwenye kikopo bila kukata mtiririko, wa mwisho nao uende chooni. Siri yote iko kwenye kuuacha ule wa mwanzo, kwa sababu ndio unaosomba wadudu wanaoishi mlangoni. Kujisafisha kwa maji kunatosha, usijipake dawa ya kuua vijidudu maana ikidondokea kwenye kikopo inaua na wale tunaowatafuta. Kidole kisiguse ndani ya kikopo, kifuniko kisilazwe chini kifudifudi.

Kisha muda. Mkojo ni chakula kizuri cha bakteria. E. coli akiwa kwenye mazingira mazuri anajigawa kila dakika 20, fanya hesabu mwenyewe, wakianza 1,000 baada ya kujigawa mara 7 wamefika 128,000. Mkojo uliokuwa hauna shida unageuka kuwa "maambukizi makubwa" ukiwa mezani. Kwa hiyo ufike maabara ndani ya saa 2, ikishindikana uwekwe kwenye friji na hapo unavumilia mpaka saa 24, au uwekwe kwenye kikopo chenye asidi ya boriki inayowazuia kuzaliana. Ukikojoa saa 12 asubuhi nyumbani ukauleta saa 6 mchana umeushika kwenye mkoba, mimi nitaotesha lakini kwa kweli sijui nimeotesha nini.

Mwenye mpira wa mkojo hachukuliwi mkojo wa kwenye mfuko, hata siku moja. Unachukuliwa kwa sirinji kutoka kwenye sehemu maalumu ya mpira. Na kama mpira umeshakaa zaidi ya wiki 2 na kweli kuna dalili, unabadilishwa kwanza ndipo mkojo unachukuliwa kwenye mpira mpya, la sivyo unapima utando wa wadudu waliojijengea kwenye plastiki.

Ile laki moja inatoka wapi, na chini ya hapo ndiyo niko salama?

Inatoka kwa daktari mmoja Mmarekani, Edward Kass, aliyefanya kazi Boston miaka ya 1950. Alikuwa anatafuta namna ya kutofautisha bakteria waliomo kibofuni kweli na wale waliookotwa njiani mkojo ukitoka, akaona kwamba ikifika laki moja kwa mililita uwezekano wa kuwa ni uchafu tu unapungua sana. Ikawa mstari wa dunia nzima.

Shida ni kwamba mstari ule watu waliugeuza kuwa sheria ya kila mtu. Tafiti za miaka ya 1980 kwa wanawake wenye mkojo unaochoma zilionyesha wengi wana UTI ya kweli wakiwa na E. coli chini ya laki, hata 100 kwa mililita. Kwa mwanaume mwenye dalili, 1,000 inatosha kutufanya tuamini, na kwa mwenye mpira wa mkojo mwenye dalili hivyohivyo 1,000. Kwa hiyo unaumwa na karatasi imeandika "E. coli 10,000", usikubali kuambiwa huna kitu. Na huumwi popote huku karatasi imeandika laki moja, soma swali la wasio na dalili huko chini kabla hujakimbilia dawa.

Wameandika wameota wadudu mchanganyiko. Nina maambukizi mengi?

Karibu mara zote maana yake kikopo kilichafuka. Aina 3 au zaidi, hakuna anayewazidi wenzake, hao wametoka kwenye ngozi au ukeni. Kama bado unaumwa leta mkojo mwingine, kama huumwi achana nayo. Ni tofauti kidogo kwa mtu wa mpira wa mkojo wa muda mrefu, yeye kweli anaweza kuwa na wadudu zaidi ya mmoja.

Jina la mdudu lina maana gani kwangu?

Lina maana kubwa kuliko namba, wakati mwingine.

E. coli ndiye mwenye nyumba, anasababisha kama robo tatu au zaidi ya UTI za kawaida. Anatoka kwenye utumbo wako mwenyewe, na mrija wa mkojo wa mwanamke ni kama sentimita 4 tu wakati wa mwanaume unafika 20, hivyo unaelewa kwa nini wanawake wanaumwa zaidi wala sio suala la usafi. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona mama wa watu anaona aibu kana kwamba amefumaniwa. Vyoo vya kuchangia vinasingiziwa bure pia.

Klebsiella ni ndugu yake. Staphylococcus saprophyticus tunamwona kwa wanawake vijana. Proteus akijirudia mtu apigwe ultrasaundi, maana anageuza mkojo kuwa alikali na hapo mawe yanajengeka, halafu mawe nayo yanamficha dawa zisimfikie. Enterococcus na Pseudomonas wanapenda watu wenye mipira, waliofanyiwa upasuaji, waliolazwa sana.

Staphylococcus aureus nikimwona kwenye mkojo wa mtu ambaye hana mpira wala hajafanyiwa utaratibu wowote kwenye njia ya mkojo, napiga simu. Huyo anaweza kuwa ameshuka kutoka kwenye damu, na inabidi damu ioteshwe.

Lactobacillus na wale stafilokoka wa ngozi kwa kawaida ni wapita njia. Kandida, yaani fangasi, kwa mwenye mpira au aliyetoka kwenye antibayotiki nzito mara nyingi amejikalia tu, na kuutoa mpira kunasaidia kuliko vidonge vya fangasi.

Mkojo unachoma kabisa lakini kalcha haijaota kitu. Naonekana naigiza?

Huigizi. Kwanza, je, ulimeza dawa yoyote siku chache kabla? Watu husahau kile kidonge walichopewa na jirani. Pili, kuna wadudu wa magonjwa ya zinaa ambao sahani ya kawaida haiwaoteshi: klamidia, kisonono, trikomonasi. Hao wanatafutwa kwa vipimo vyao, na kijana yeyote mwenye mkojo unaochoma na kalcha safi apimwe hivyo badala ya kubadilishiwa antibayotiki ya 4. Tatu, fangasi wa ukeni, hapo mkojo unachoma nje ukipita kwenye ngozi iliyovimba wala sio ndani. Mawe nayo. Kifua kikuu cha figo ni mfano wa vitabuni wa usaha mwingi bila kuota kitu, kwa sababu bakteria wake wanahitaji wiki kadhaa na chakula chao maalumu. Kichocho cha mkojo kinaleta damu na maumivu, kwa hiyo kama umewahi kuoga au kufanya kazi kwenye maji yenye kichocho sema, daktari hawezi kuota ndoto.

Na kama maumivu ya kibofu ni ya miezi, kalcha zote safi, kuna tatizo la maumivu ya kibofu lenyewe kama ugonjwa. Antibayotiki haziwezi kulitibu.

Kalcha ina laki moja au zaidi lakini sijisikii vibaya popote. Nitibiwe?

Kwa watu wengi, hapana, na najua inasikika kama utani. Kuwa na bakteria kibofuni bila dalili ni jambo la kawaida kabisa, na kadiri umri unavyokwenda linazidi, kwenye nyumba za kulea wazee unakuta robo mpaka nusu ya kina mama wanao na wanaishi nao. Kuwaua hakuzuii UTI ya baadaye. Unachopata ni madhara ya dawa, kuharisha, na bakteria sugu wanaochukua nafasi ya wale wapole waliokuwepo.

Wanaotibiwa bila dalili ni makundi mawili tu ya uhakika: wajawazito, na mtu anayekwenda kufanyiwa utaratibu wa njia ya mkojo utakaotoa damu, kama kukwangua tezi dume. Mwenye kisukari hayumo. Mwenye mpira hayumo. Mzee hayumo. Upasuaji wa goti au nyonga nao haumo, japo watu wanapimwa mkojo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji mpaka leo, na mimi naotesha, nifanyeje.

Harufu kali na mkojo mzito wa rangi sio dalili. Mara nyingi hujanywa maji.

Bibi amechanganyikiwa ghafla na mkojo una bakteria. Si ndiyo UTI imepanda kichwani?

Inaweza kuwa, lakini angalia kwanza. Tumeshasema kwenye nyumba za kulea wazee robo mpaka nusu ya kina mama wana bakteria bila dalili, kwa hiyo ukipima yeyote aliyechanganyikiwa kuna uwezekano mkubwa ukawakuta, na ukiwakuta unaacha kutafuta. Huku kumbe sukari imeshuka, au ameishiwa maji, hajapata choo siku 5, mkojo umeziba, dawa mpya ya usingizi, nimonia, kiharusi, ameanguka usiku hakusema. Kama ana homa, kutetemeka, presha imeshuka, au maumivu mapya ya kukojoa, hapo atibiwe bila kuchelewa. Kama hana hata moja na hali yake imetulia, anapewa maji, anaangaliwa kwa karibu, chanzo kingine kinatafutwa.

S, I na R ni nini?

S dawa inafaa, R mdudu ni sugu, ukipewa hiyo umepoteza muda. I ndiyo inawachanganya watu. Ulaya tangu 2019 I wanaitafsiri kwamba dawa inafanya kazi ikitolewa kwa kiwango kikubwa zaidi, kwingine bado inasomwa kama katikati, nusu nusu. Mwache daktari aamue.

Nichague dawa yenye namba ndogo kuliko zote?

Hapana jamani! Zile namba ni kiwango cha dawa kinachomzuia mdudu, na kila dawa ina mpaka wake. Mdudu anaweza kuwa na 0.5 kwa siprofloksasini akaonekana wa mashaka, akawa na 16 kwa nitrofurantoini na ni S safi kabisa. Ni kama kulinganisha kilo na kilomita. Soma herufi, acha namba.

Pia dawa kutokuwepo kwenye orodha haina maana ilishindwa. Enterococcus kwa asili yake hasikii sefalosporini (kundi mojawapo la antibayotiki), Proteus hasikii nitrofurantoini, kwa hiyo hatuhangaiki kuzipima.

Dawa gani zinatumika kwa UTI ya kibofu?

Kwa mwanamke mwenye UTI ya kibofu tu: nitrofurantoini siku 5, au fosfomisini gramu 3 mara moja tu na umemaliza, au kotrimoksazoli ambayo wengi wanaiita septrini siku 3, hiyo ya mwisho pale tu ambapo wadudu wa eneo bado wanaisikia. Nitrofurantoini inajikusanya kwenye mkojo lakini haiingii vizuri kwenye nyama ya figo wala tezi dume, ndiyo maana hata ikiwa S kwenye karatasi haifai kwa mtu mwenye homa na maumivu ya ubavu. Karatasi haijui unaumwa wapi. Figo zikiwa dhaifu sana nayo haifai.

Amoksilini peke yake usiibahatishe bila kalcha, E. coli wengi wameshaizoea.

Siprofloksasini ni dawa nzuri iliyotumiwa vibaya. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali kuhusu kano kukatika mwaka 2008, na mwaka 2016 ikasema kwa UTI nyepesi isitumike kama kuna njia nyingine. Shirika la Afya Duniani nalo kwenye mpangilio wake wa antibayotiki limeiweka kundi la kuangaliwa, wakati nitrofurantoini na septrini ziko kundi la kutumika kwanza. Mimi naziona R za siprofloksasini kwenye sahani, sihitaji kusimuliwa.

Wameandika ESBL, ndiyo nini?

Ni kimeng'enya cha baadhi ya bakteria kinachokata penisilini na sefalosporini nyingi, ikiwemo seftriaksoni ya sindano. Unaweza kuwa na bakteria wa namna hiyo kwenye utumbo bila kujua. Sio hukumu ya kifo: UTI ya kibofu yenye ESBL mara nyingi bado inakubali nitrofurantoini au fosfomisini za kumeza, kama sahani imesema S. Ikipanda kwenye figo au damu ndipo zinaitwa zile kubwa za mshipani, kama meropenemu.

Lini niache kusoma hapa niende hospitali?

Homa ya 38 au zaidi na kutetemeka, maumivu ya ubavu au mgongo chini ya mbavu, kutapika mpaka dawa haikai, kuchanganyikiwa, kizunguzungu ukisimama, mkojo kukata kabisa. Mjamzito mwenye lolote kati ya hayo asisubiri kuche. Na mwenye jiwe lililoziba halafu akapata homa, hiyo ni dharura ya saa sio ya siku, antibayotiki peke yake haitoshi, mkojo lazima ufunguliwe njia.

UTI ya figo inatibiwa siku 7 hivi kwa dawa nyingi za sasa, na hapo kalcha haina mjadala.

Mimi ni mwanaume, kuna tofauti?

Ipo. Unafanya kalcha kila mara. Kama huna homa siku 7 zinatosha kwa wengi. Kama una homa, maumivu chini ya korodani na nyuma yake, mkojo unatoka kwa kusukuma, hiyo inaweza kuwa tezi dume imevimba kwa maambukizi, na huko dozi inakwenda wiki 2 mpaka 4 kwa dawa inayopenya kwenye tezi. Ikikurudia na mdudu yuleyule, tezi ndiyo maficho.

Na mjamzito?

Anapimwa kwa kalcha mapema kwenye ujauzito hata kama hana dalili, na ikikutwa anatibiwa siku 4 mpaka 7, kwa sababu ikiachwa inaweza kupanda kwenye figo, na UTI ya figo kwa mjamzito inaleta hatari ya uchungu wa mapema. Baada ya dozi anarudia kalcha. Siprofloksasini inaepukwa, septrini inaepukwa miezi 3 ya kwanza na karibu na kujifungua, nitrofurantoini nayo inaepukwa ukikaribia kujifungua. Karatasi ikiandika streptokoka kundi B, ambaye ni aina ya bakteria, kwa kiwango chochote, itunze kama kadi ya kliniki, maana utapewa antibayotiki ya mshipani wakati wa uchungu kumlinda mtoto.

Nimemaliza dozi na nimepona, nirudie kalcha kuhakikisha?

Kama sio mjamzito, hapana. Ukirudia utakuta bakteria wasio na dalili na tutaanza tena hadithi ileile. Rudia kama dalili zimebaki au zimerudi ndani ya wiki 2, hapo tunashuku ni yuleyule hakufa.

Inanirudia kila mara, nimechoka.

Tunaita ya kujirudia ikiwa mara 2 ndani ya miezi 6 au mara 3 ndani ya mwaka, na angalau moja iwe imethibitishwa na kalcha, maana nimeona watu wa "UTI sugu" ya miaka 4 ambao hawajawahi kuota kitu hata siku moja.

Maji yanasaidia kweli. Utafiti mmoja wa 2018 uliwachukua wanawake wanaokunywa maji kidogo na UTI za kujirudia, walioongeza lita 1.5 kwa siku walipata karibu nusu ya UTI za wenzao. Mwanamke aliyekoma hedhi apewe krimu ya estrojeni (homoni ya kike) ya ukeni, inarudisha bakteria wazuri na ni kati ya tiba zinazosahaulika mno. Dawa za kuua mbegu za kiume zinachangia, badilisha njia ya uzazi. Kama inakuja kila baada ya tendo la ndoa, kuna kidonge kimoja cha baada ya tendo, zungumza na daktari bila aibu. Methenamini ni njia nyingine isiyo antibayotiki, jaribio la Uingereza la 2022 liliona haizidiwi sana na antibayotiki za kila siku. Juisi ya krenberi (tunda dogo jekundu) ina ushahidi kiasi kwa kuzuia, haitibu iliyokwisha kuanza.

Kusafisha uke kwa sabuni ya ndani hakusaidii, kunafukuza walinzi.

Nilikuwa na damu kwenye mkojo, UTI imepona, damu ndiyo basi?

UTI inaleta damu na inatakiwa kuondoka nayo. Rudisha mkojo wiki chache baada ya dozi uangaliwe kwa hadubini. Kama damu bado ipo, hasa umri umepita 40 au umewahi kuvuta sigara, kibofu na figo vichunguzwe, kwa sababu saratani ya kibofu ina tabia ya kutoa damu bila maumivu yoyote na watu wanapewa dozi 3 za UTI kabla hajatokea wa kuangalia ndani.